SOMO: Kulinganisha bodi (kamera bila lenzi) na lenzi za kazi kwa mkono wako, kabla hela haijatoka

Wakuu, salaam. Kila wiki swali ni lile lile: "5D Mark IV ya Canon au D850 ya Nikon?", "Nihamie A7 III ya Sony au nibaki Canon?" Na anayeuliza hajashika hata moja kati ya hizo. Naandika hapa mara moja. Atakayeuliza tena nitamrudisha kwenye uzi huu. Megapikseli na rangi ya ngozi simo. Nazungumzia jinsi kamera inavyokaa mkononi, ilivyojengwa, na imechakaa kiasi gani kama ni ya mtumba kutoka Dubai au Kariakoo.

Kwanza hili, maana ndilo wengi wanaloruka: usilinganishe bodi tupu. Hakuna anayepiga harusi na bodi tupu. 5D Mark IV ikiwa na betri na kadi ni gramu 890. Ukiifunga lenzi ya Canon EF 24-70mm f/2.8L II (gramu 805) unabeba 1,695. D850 ni 1,005, na lenzi yake 24-70mm f/2.8E VR ni 1,070, jumla 2,075. A7 III ni 650, na lenzi ya Sony 24-70 GM ya kwanza ni 886, jumla 1,536. Ona hapo: bodi ya Sony ni nyepesi kuliko ya Canon kwa gramu 240, ila lenzi imekula 81, umebaki na nafuu ya 159 tu. Sasa toa GM ya kwanza, weka GM II ya 2022 yenye gramu 695: umeshusha gramu 191 bila kugusa bodi. Uzito uko kwenye lenzi, na mizani ya mkono iko kwenye lenzi.

1. Nenda na kadi yako, betri iliyojaa, tochi yenye mwanga mwembamba, tripodi, mkanda wa gundi, gazeti, na kioo kidogo cha mfukoni kisicho na fremu. Kioo ni cha hatua ya 8, usikicheke.

2. Funga lenzi, washa, piga picha mbili tatu uone kama inafanya kazi.

3. Shika kama uko kazini, dakika kumi, jicho kwenye tundu la kuchungulia. Kiganja cha kushoto chini ya lenzi, viwiko vimebana mbavu. Sasa bila kutazama vitufe: kidole gumba kinafika AF-ON (kitufe cha kufokasi)? Kinafika kijiti cha kuhamisha nukta ya fokasi? Nikon na Sony swichi ya kuwasha imezunguka kitufe cha shata, unawasha kwa mkono mmoja. Kwenye 5D Mark IV na R5 (zote za Canon) iko kushoto, mkono wa pili lazima uwe huru. Angalia nafasi kati ya mshiko na lenzi: kwenye bodi ndogo, lenzi nene hugusa vifundo vya vidole. Kwenye A7 III wenye mikono mikubwa kidole cha mwisho huning'inia chini ya bodi, na baada ya saa nne za sherehe utakijua. Geuza kamera wima, rudia yote.

4. Zungusha pete ya zumu polepole toka mwanzo hadi mwisho. Iwe nzito sawasawa. Ikikwama sehemu moja kisha ikaachia, lenzi iligongwa. Ielekeze chini: ikijishukia yenyewe, imelegea. Wanaohama wakumbuke pete ya Canon na ya Nikon huzunguka kinyume, hata kufunga lenzi kwenye bodi ni kinyume. Huo si ubovu, ni mazoea ya wiki chache.

5. Maunti, yaani pale lenzi inapofungia kwenye bodi. Shika bodi mkono mmoja, lenzi mkono wa pili. Mzunguko mdogo sana ni kawaida, pini ya kufungia ina nafasi yake. Kinachokataliwa ni lenzi kuinama juu na chini. Ikiinama, jaribu lenzi nyingine kwenye bodi hiyo hiyo ujue mgonjwa ni nani.

6. Skrubu, mipira, milango. Vichwa vya skrubu vikiwa vimelika, kuna aliyefungua. Skrubu za Kijapani zina msalaba wao (JIS) na bisibisi ya kawaida huzitafuna. Bonyeza mpira wa nyuma pale penye kidole gumba: ukivimba au kubanduka, joto na jasho vimekula gundi. Mpira mwembamba unaozunguka maunti ya lenzi usiwe umechanika, ndio unaozuia vumbi na maji. Kama bodi inatumia kadi ya CF, mulika ndani: pini ni 50 na moja ikipinda usiingize kadi yako hata kwa majaribio. Namba ya chini ya bodi ilingane na ile iliyo kwenye taarifa za picha.

7. Ndani ya lenzi. Itoe kwenye bodi, mulika kwa nyuma kwa pembe, utazame mbele. Vumbi kidogo halina neno. Nyuzi kama utando wa buibui ni ukungu, rudisha. EF ya Canon ikitolewa kwenye bodi apacha yake (tundu la kupitisha mwanga) hukaa wazi. Lenzi za Nikon zenye herufi G hujifunga, sukuma kile kijiti cha nyuma kufungua, kisha kiachie ghafla: visahani vya apacha virudi papo hapo. Vikirudi kwa uvivu vina mafuta.

8. Mlalo wa vioo vya ndani. Hapa ndipo lenzi nzima hukataliwa na mbovu hununuliwa, kwa hiyo soma taratibu.

Lenzi ikianguka, kioo kimoja cha ndani kinaweza kulala upande. Nje haionekani kitu, ila picha inakuwa kali kushoto na imefifia kulia. Wengi hupiga ukuta wa matofali kwa mkono, wakiona kona moja imefifia wanaondoka. Kumbe kamera ndiyo ilikaa mshazari, kwa f/2.8 (apacha wazi kabisa) karibu na ukuta, mshazari ambao jicho halioni unatosha kuitoa kona kwenye fokasi. Ndiyo kazi ya kile kioo cha mfukoni. Kibandike bapa ukutani, weka kamera kwenye tripodi, sogeza hadi uone taswira ya lenzi yako ndani ya kioo ikiwa katikati kabisa ya fremu. Hapo sensa na ukuta viko sambamba. Toa kioo, bandika kurasa za gazeti katikati na kwenye kona nne. Umbali usipungue mara 40 hadi 50 ya urefu wa fokasi: kwa 70mm ni kama mita 3 na nusu, kwa 24mm mita 1.2. Ukibadilisha umbali, rudia kioo. Zima kizuia mtikisiko, pata fokasi katikati kupitia skrini, hamia fokasi ya mkono, weka taima, piga kwa f/2.8. Pata fokasi upya, piga tena; usihukumu kwa fremu moja.

Kisha linganisha kona kwa kona, si kona na katikati. Kona zote nne zikififia sawa kwa f/2.8, hivyo ndivyo lenzi ilivyoundwa. Moja au upande mmoja ukififia peke yake, geuza kamera juu chini, pangilia tena kwa kioo, upige. Ubaya ukibaki upande ule ule wa picha, ni lenzi. Ukihamia upande wa pili wa picha, ni ukuta wako au upangaji wako.

ONYO: kioo chenye fremu iliyoinuka upande mmoja kinadanganya. Ukuta wa plasta uliobonyea unadanganya. Na muuzaji akikuambia "jaribu f/8", mkatalie. F/8 (apacha ikiwa ndogo) hufunika hata lenzi iliyodondoka ngazini.

9. Shata, pazia linalofunguka kila unapopiga. D850 imepimwa kwa mizunguko 200,000, 5D Mark III na IV 150,000, R5 500,000. Hizo ni namba za majaribio ya kiwanda, si tarehe ya kufa. Nikon huandika idadi ndani ya JPEG iliyotoka moja kwa moja kwenye kamera. 5D haiandiki kwenye picha, unahitaji programu na waya wa USB.

10. Hali ya betri kwenye menyu. Canon ikionyesha vijani vitatu ni nzima. Nikon 0 ni mpya, 4 ni ya kutupa.

MASWALI

kibatari77: Mkuu ndefu sana. Kwa kifupi nichukue 5D4 au D850?

Mleta somo: Aya ya pili. Ukimaliza nenda hatua ya 3.

kibatari77: Nimesoma. Mbona mtandaoni 5D4 wanaandika gramu 800? Umezidisha.

Mleta somo: 800 ni bodi tupu. 890 ni pamoja na betri na kadi, na nimeandika hivyo. Bila betri utapiga nini?

dada_wa_tanga: Asante kwa somo. Lenzi yangu mpira wa zumu umekuwa na rangi nyeupe kama unga. Ni ukungu? Nakaa karibu na bahari.

Mleta somo: Swali zuri dada. Mara nyingi huo ni mpira wenyewe unatoa kemikali zake, si ukungu. Futa kwa kitambaa chenye unyevu kidogo, ukaushe. Petroli na thina usiguse kabisa, zinayeyusha mpira na kuvimbisha. Ukungu wa kuogopa ni wa ndani ya vioo, hatua ya 7. Kwa Tanga nunua kipima unyevu kidogo, weka kwenye boksi la plastiki linalofunga vizuri pamoja na silika (chembe za kufyonza unyevu), ulenge asilimia 40 hadi 50. Usishuke sana chini ya hapo, vilainishi na mipira havipendi ukavu uliopitiliza. Na mfuko wa ngozi si mahali pa kulaza lenzi, ngozi inashika unyevu.

Juma_video: Nimeshika 70-200 f/2.8 IS, nikiitikisa inagonga ndani. Imevunjika?

Mleta somo: Hapana. Hilo ni kundi la vioo vya kuzuia mtikisiko, umeme ukikatika huwa halijashikwa. Ifunge, washa, nusu-bonyeza shata: utasikia inashika na taswira inatulia. Isipotulia, au taswira ikiruka, hapo una tatizo. Hata bodi zenye sensa inayoelea, kama A7 III na R5, zikizimwa hugonga kidogo. Usizitikise basi.

fundi_simu: Mimi ukungu nausafisha mwenyewe, nimefungua 24-70 kwa bisibisi za simu, nikasafisha, nikafunga. Sasa kushoto haiko kali. Hatua ya 8 yako inatibuje?

Mleta somo: Haitibu, inagundua. Lenzi nyingi chini ya maunti na kati ya makundi ya vioo zina visahani vyembamba vya kupangia. Vikirudi bila mpangilio wake, lenzi imelala. Peleka kwa fundi wa lenzi mwenye mashine ya kupangia.

fundi_simu: Visahani vingine vilibaki nikaona havina kazi.

Mleta somo: Vipeleke navyo.

mzee_wa_fremu: Mkuu, hizi lenzi za L (daraja la juu la Canon) zinazosemwa hazipitishi maji, kweli naweza kupiga mvuani? Nina 17-40 f/4L.

Mleta somo: Mzee wangu, kwa hiyo 17-40 Canon wenyewe wanataka uweke filta mbele ndipo ukamilike uzibaji, kwa sababu kioo cha mbele kinasogea ndani ya gamba. Filta yake ni 77mm. 16-35mm f/2.8L II vilevile, filta 82mm. Halafu uzibaji ni wa pande zote: bodi isiyozibwa na lenzi iliyozibwa maji yatapita kwenye bodi. Ndiyo maana mpira wa maunti unakaguliwa. Manyunyu sawa, dhoruba vaa koti la mvua la kamera.

mzee_wa_fremu: Na vumbi la Serengeti?

Mleta somo: Hapo tazama kama lenzi hurefuka ukizumu. EF 70-200 f/2.8 zumu yake iko ndani, urefu haubadiliki. RF 70-200 f/2.8 ya 2019 (RF ni maunti mpya ya Canon) ni gramu 1,070 dhidi ya takriban 1,480 za EF III, lakini hurefuka, na kila kinachorefuka huvuta hewa. Imezibwa vizuri, ila futa pipa lake kabla hujalirudisha ndani, maana mchanga ulioganda hapo unaingia nao. Na ikirefuka uzito unahamia mbele, ujaribu mkononi ikiwa 200mm.

Juma_video: Hivi lenzi zangu za EF kwenye R6 ya Canon kwa adapta, maunti hailegei?

Mleta somo: Adapta ya Canon yenyewe ni gramu 110 na inaongeza milimita 24, ambayo ndiyo tofauti ya umbali wa maunti hadi sensa, 44 za EF na 20 za RF. Unakuwa na maunti mbili, kwa hiyo legevu mbili ndogo. Fanya hatua ya 5 mara mbili. Kwa 70-200 shika lenzi, usining'inize kwa bodi.

dada_wa_tanga: Silika ikishabadilika rangi inatupwa?

Mleta somo: Haitupwi. Ya rangi ya chungwa ikigeuka kijani imeshiba. Itoe kwenye mfuko wa plastiki, tandaza kwenye sinia la chuma, oveni nyuzi 120 kwa saa mbili hivi hadi rangi irudi. Iache ipoe ndani ya chupa iliyofungwa, ukiiacha wazi Tanga itashiba kabla haijafika kwenye boksi. Mchele hauna kazi hapo, unaleta unga kwenye pete za lenzi.