Kuchomelea Nyumbani: Mashine Huchaguliwa na Soketi na Unene wa Chuma

Anayetaka kuanza kuchomelea nyumbani kwa kujifurahisha huniuliza kwanza: ninunue mashine ya ampea ngapi? Nami humuuliza mawili. Chuma unachotaka kuunga kina unene gani? Na soketi utakayochomeka mashine hiyo inahimili umeme kiasi gani? Akishayajibu hayo, mashine nyingi zinajiondoa zenyewe kwenye orodha yake.

Kazi zangu ni fremu za meza, rafu za zana, bawaba za geti na stendi za maua. Karibu zote ni bomba za mraba zenye ukuta wa milimita 2, na vyuma bapa vya milimita 3 hadi 5. Kwa unene huo kijiti cha kuchomelea chenye kipenyo cha milimita 2.5 kinatosha, nacho hutaka ampea 60 hadi 90. Kijiti cha 3.2 hutaka 90 hadi 130, na kwenye kazi za nyumbani ni nadra kukihitaji. Bomba likiwa jembamba zaidi nashuka hadi kijiti cha 2.0, kwa ampea 40 hadi 60.

Sasa turudi kwenye soketi, maana hapa ndipo watu wanapouziwa namba. Mashine ya vijiti inapochoma, volti kwenye mwako, yaani umeme unaoruka kati ya kijiti na chuma, hukadiriwa hivi: 20, jumlisha ampea mara 0.04. Kwa ampea 100 ni volti 24, yaani wati 2,400. Kwa ampea 250 ni volti 30, yaani wati 7,500. Penye umeme wa volti 230, wati 7,500 zinataka zaidi ya ampea 32 ukutani, na hapo hatujahesabu umeme unaopotea ndani ya mashine. Plagi ya kawaida ya ampea 13 haifiki hata wati 3,000. Kwa hiyo mashine iliyoandikwa 250 kwa rangi kubwa ubavuni, ikiwa na waya mwembamba na plagi ndogo, haiwezi kukupa 250. Soketi ya ampea 13 inakupa takriban 100 kwenye mwako. Habari njema ni kwamba hizo 100 zinakitosha kijiti cha 2.5, na bado kuna akiba.

Basi achana na namba ya ubavuni, soma kibati cha taarifa kilichobandikwa nyuma au chini ya mashine. Tafuta safu yenye X na asilimia. X ya 60% kwenye ampea 100 maana yake ni kwamba katika kila dakika 10 unaweza kuchoma dakika 6 kwa ampea 100, kisha mashine ipumzike dakika 4. Kwa kawaida kipimo hicho huchukuliwa kwenye joto la nyuzi 40. Tazama pia I1max, yaani umeme wa juu kabisa ambao mashine itavuta ukutani. Ukizidi fyuzi au sakiti breka yako, itakuwa inakatika kila ukipandisha ampea. Mashine isiyo na kibati hicho mimi siinunui, hata iwe rahisi vipi.

Kuhusu aina, nitasema wazi: kwa anayeanza, chukua inveta ya vijiti, yaani mashine inayogeuza umeme kwa elektroniki badala ya transfoma kubwa. Ni nyepesi, unaibeba kwa mkono mmoja, inatoa mkondo wa moja kwa moja, na mwako wake umetulia kuliko wa transfoma ya kizamani. Haihitaji mtungi wa gesi, kwa hiyo unaweza kufanyia kazi nje penye upepo kidogo. Nyingi zina kinga ya kunata: kijiti kikigandia, mkondo unashuka na unakibandua bila kukiunguza. MIG, mashine inayosukuma waya yenyewe kupitia bunduki huku gesi ikiukinga mshono, ni tamu kwa mabati membamba na mkono huizoea upesi, ila inataka mtungi, na upepo hupeperusha gesi. Ipo pia ya waya wenye unga ndani, isiyotaka gesi. Ukiipata, kumbuka waya huo mara nyingi hutaka bunduki iwe kwenye hasi, kinyume cha waya mtupu. TIG, inayochoma kwa ncha ya tungsteni na gesi huku waya ukilishwa kwa mkono, ni nzuri sana na ni ya mtu mwenye subira. Iache kwanza.

Ukitumia ekstensheni, iwe na nyaya za milimita za mraba 2.5 au zaidi, na uikunjue yote. Iliyoviringwa hupata joto na kuyeyuka.

Kinga si jambo la kuharakisha. Barakoa inayojitia giza yenyewe, ikiwekwa kiwango cha giza namba 10 au 11, inafaa kwa ampea hizi. Glavu ziwe za ngozi, nguo za pamba nzito zenye mikono mirefu, na viatu vilivyofunika mguu wote. Nailoni huyeyukia mwilini. Wanaotazama nao wakingwe, hasa watoto, kwa sababu macho yaliyochomwa na mwanga huo huanza kuuma saa kadhaa baadaye, wakati mtu ameshasahau. Chuma chenye zinki kiondolee zinki kwanza, kwani moshi wake huleta homa. Usisafishe chuma kwa dawa ya breki yenye klorini kabla ya kuchoma, maana joto na mwanga huigeuza gesi ya sumu. Na tangi au pipa lililowahi kuwa na mafuta usiliguse kabisa, hata likionekana kavu. Mvuke uliobaki hulipuka. Ukimaliza, kaa hapo nusu saa au zaidi ukiangalia cheche zisije zikawa zimejificha kwenye taka.

Kwa kijiti cha kwanza chukua E6013 cha 2.5 na bapa la milimita 5. Piga grenda mpaka ling'ae, kisha bana klampu ya ardhi kwenye chuma chenyewe, karibu na unapochoma. Anza na ampea 80. Tuliza kiwiko kwenye meza. Buruta ncha juu ya chuma mpaka mwako ushike, halafu iinue kiasi cha unene wa kijiti chenyewe, usizidishe. Laza kijiti kidogo kuelekea unakokwenda na ukivute. Usiutazame mwanga, tazama kidimbwi cha chuma kilicho nyuma yake, maana ndicho kinachokwambia uende kwa kasi gani. Sauti ikiwa sawa na ya kitu kinachokaangwa bila kukatika, uko pazuri. Mshono ukisimama juu, mwembamba, na kijiti kinanata, ongeza ampea 5. Ukilala bapa, kingo zikiliwa na cheche zikitapakaa, punguza. Ganda, yaani uchafu wa kijiti unaoyeyuka juu ya mshono, likitaka kupita mbele ya kidimbwi, fupisha mwako, la sivyo litanaswa ndani.

Kwenye fremu, shika pembe zote kwa nukta ndogo kwanza, pima mishazari miwili mpaka ilingane, ndipo uchome kwa kurukaruka kutoka pembe hadi pembe. Ukimaliza upande mmoja wote kwa mara moja, chuma kitavuta na fremu itapinda.

Kabla ya kuamini mshono wowote, uvunje. Unga vipande viwili kwa umbo la T, choma upande mmoja tu, bana kwenye jiliwa, kisha piga kwa nyundo kile kilichosimama kuelekea upande wenye mshono. Ukibanduka na chini yake bado unaona mikwaruzo ya grenda, chuma hakikuyeyuka: ongeza ampea 5 hadi 10, rudia. Ukikunjika bila kuachia, hamia kwenye bomba la milimita 2, ukianzia ampea 60. Ila ndoano za kunyanyulia na fremu za trela mpe fundi aliyethibitishwa.