Jinsi ya kuiangalia Son of the Pink Panther mpaka uipende

Watu wengi wanaifungua hii muvi ya 1993 wanamtafuta Peter Sellers, aliyecheza Inspekta Clouseau, yule mpelelezi mzembe, kwenye muvi za zamani za Pink Panther, wanakaa dakika ishirini hawamuoni, wanazima, halafu wanatangaza kwamba ni mbovu. Sellers alifariki Julai 1980, kwa hiyo hata urudishe nyuma mara ngapi humkuti humo. Mimi nakushauri uiangalie kivingine kabisa, mfuate Dreyfus, yule bosi wake Clouseau kwenye polisi, ambaye jicho lake linachezacheza lenyewe akikasirika. Kwangu mimi hii ni muvi ya Dreyfus, ndo tunamuona baada ya karibu miaka 30 ya kuteswa na uzembe wa Clouseau, na ukimshika yeye kuanzia mwanzo utacheka na utamuonea huruma kwelikweli.

Ila ujiandae kwanza, usiivamie tu.

Usianze na ile ya kwanza kabisa ya 1963. Najua inauma kuanza katikati lakini nisikilize, kwenye ile ya kwanza Dreyfus hayupo, hata Inspekta Clouseau mwenyewe hakuwa steringi, steringi alikuwa David Niven anayecheza mwizi wa vito, na hiyo Pink Panther ni almasi yenye dosari ndani inayofanana na chui anayeruka. Sellers aliletwa baada ya Peter Ustinov kujitoa, akaibeba muvi yote mgongoni. Nzuri sana ila iweke kiporo, utairudia.

Anza na A Shot in the Dark ya 1964. Hapa ndo Herbert Lom anaingia kama Dreyfus, na Burt Kwouk anaingia kama Kato, yule mtumishi wa Clouseau aliyepewa amri na bosi wake huyo amvamie muda wowote, usiku, bafuni, popote, ili asizubae. Angalia vizuri scene za ofisini kwa Dreyfus. Mwanzoni ni mtu mwenye akili timamu, msafi, anaongea kwa utulivu, halafu anasikia jina Clouseau na kile kikatio chake cha sigara kubwa kinamkata kidole. Kuanzia hapo anaporomoka taratibu, na jicho linaanza. Lom hakuwa mchekeshaji wa kuzaliwa, alikuwa mwigizaji mzito mzaliwa wa Prague aliyezoea kucheza watu wabaya, Napoleon keshamcheza, na ndo maana inachekesha, kwa sababu anaumia kwa dhati, hajichekeshi hata kidogo. Kwenye vichekesho vya kuanguka anguka lazima awepo mtu mmoja anayeichukulia dunia kwa uzito, bila huyo unabaki na watu wanaoteleza tu. Na humu humu shika jina la Maria Gambrelli, yule mfanyakazi wa ndani anayetuhumiwa kuua na Clouseau anagoma kabisa kuamini kwa sababu kampenda. Utalihitaji mbele.

Kama unaangalia na wazazi au watoto, jua mapema kuna sehemu ya kambi ya watu wanaokaa uchi. Gitaa na majani yanafunika panapotakiwa kufunikwa lakini sebuleni kwa watu wazima patakuwa kimya, bora ujue rimoti iko wapi. Na kwenye hizi za zamani zote Clouseau ana maneno ya kumdharau Kato kwa asili yake ya Kichina, mimi hayanichekeshi, na kama uko na watoto waambie kabisa kwamba hayo hayaigwi.

Ukitoka hapo ruka ile ya 1968, aliyecheza Clouseau ni Alan Arkin na mwongozaji sio Blake Edwards wa hizi nyingine, nenda moja kwa moja The Return of the Pink Panther ya 1975 kisha The Pink Panther Strikes Again ya 1976, hizi mbili ziangalie wikiendi moja. Ya 1975 Dreyfus ana kiberiti chenye umbo la bastola na ana bastola ya kweli, na nadhani unaona inapoelekea, pua yake ndo inalipa. Ya 1976 inaanza yuko hospitali ya wagonjwa wa akili, amepona, anakaribia kuruhusiwa, halafu anakuja kutembelewa na Clouseau kando ya ziwa. Zile dakika za ziwani nimeziangalia mara nyingi kuliko kitu kingine chochote kwenye huu mfululizo. Clouseau hana nia mbaya hata kidogo, kaja kusaidia, na kila msaada wake unamrudisha yule mzee majini. Hapo ndo utaelewa kwa nini baadaye Dreyfus anamteka mwanasayansi na kutengeneza mashine ya kufuta majengo duniani ili mtu mmoja tu afe.

Kuhusu lugha, zima sabtaito kwenye hizi mbili kama Kiingereza chako kinatosha kufuata. Kichekesho kikubwa cha Clouseau kuanzia 1975 ni matamshi, anaongea Kiingereza cha Kifaransa ambacho hata Wafaransa wenzake kwenye muvi hawakielewi, na sabtaito huwa zinamsahihisha, unasoma neno sahihi na utamu umepotea. Mfano mzuri ni pale anapobishana na ombaomba barabarani kuhusu kibali cha nyani wake huku benki inaibiwa nyuma ya mgongo wake, anasema "minkey", ni kama mtu akukazie "nyeni, nyeni" na anakushangaa wewe usiyeelewa.

Na usiangalie kwa simu. Hizi muvi zimepigwa kwa picha pana, Edwards anapenda kuweka kamera mbali na kuiacha itulie, mambo yanatokea pembeni au nyuma kabisa, mlango unafunguka kushoto wakati wewe unamwangalia mtu wa kulia. Ukizumu ili picha ijaze skrini umekata nusu ya vichekesho. Acha ile mistari myeusi juu na chini ikae.

Sasa, kati ya hapo na 1993 kuna mbili ambazo watu watakulazimisha uangalie, Trail of the Pink Panther ya 1982 na Curse ya 1983. Ziache kwa sasa. Ya 1982 ilitengenezwa Sellers keshafariki, wakachukua vipande vilivyobaki vya ile ya 1976 wakaviunga na hadithi ya mwandishi wa habari anayehoji watu, mjane wake Lynne Frederick akaenda mahakamani akashinda fidia ya zaidi ya dola milioni 1. Mimi iliniumiza kuiangalia, nasema ukweli. Ya 1983 inamleta Ted Wass kama mpelelezi mwingine mzembe kutoka New York, na Niven alikuwa mgonjwa sauti imeisha hadi wakamwekea sauti ya Rich Little. Ukiziangalia kabla ya ile ya 1993 utafika umechoka na una hasira na Edwards.

Ukishafika siku yenyewe, washa Son of the Pink Panther na ongeza sauti mapema, maana muziki wa Henry Mancini safari hii unapigwa kwa mdomo na Bobby McFerrin, ile melodi ya saksafoni unayoijua inatoka kooni kwa mtu. Usiruke katuni ya mwanzo.

Halafu usichanganyikiwe na jambo moja. Maria Gambrelli yumo, sasa ni mama mtu mzima, ila mwigizaji sio yule Elke Sommer wa 1964, ni Claudia Cardinale, ambaye kwenye ile ya 1963 alikuwa Binti Mfalme Dala. Sura ile ile, mhusika mwingine. Wengi wanapotea hapa, wanadhani wamekosa sehemu.

Mwanaye aliyezaa na Clouseau ndo Jacques Gambrelli, polisi wa cheo cha chini kusini mwa Ufaransa, anachezwa na Roberto Benigni, miaka michache kabla hajachukua Oscar. Ukimlinganisha na Sellers atashindwa tu, kwa sababu hawafanyi kitu kimoja. Clouseau akianguka anainuka kama hakuna kilichotokea, heshima yake haiguswi. Gambrelli ni laini, mwili kama mpira, uso wazi kama wa mtoto, akianguka unaona kaanguka, na anampenda yule binti mfalme wa Lugash, nchi ya kubuni, aliyetekwa kwa moyo wake wote. Kuna sehemu Benigni anazidisha, nakubali, na hadithi ya utekaji yenyewe ipitie harakaharaka, Robert Davi ni adui wa kawaida tu.

Wewe rudi kwa Dreyfus. Lom ana miaka zaidi ya 70, na kila wakikutana na huyu kijana mkae kimya wote sebuleni muuangalie uso wake. Anaujua huu uzembe. Mwili wake unaukumbuka kabla akili haijapata jibu. Na hapo hapo anakutana na Maria, anapenda, mtu ambaye tangu 1964 hatujamuona na furaha hata ya saa moja, sasa anatabasamu, ananyamaza, anasikiliza. Wakifika kwenye harusi usiinuke kwenda jikoni. Ataambiwa kitu kuhusu uzazi wa Maria, kwamba Jacques hakuzaliwa peke yake, na kamera inamkuta yule mzee na suti yake nzuri. Angalia jicho. Kisha weka tena ile ya 1964, pale ofisini kwake kabla ya kidole kukatwa, uone lilivyokuwa limetulia.