Tumbo likiuma na mimba bado changa

Mimi ni nesi, nafanya kazi upande wa Likoni, Mombasa. Msichana akija amejikunja, ameshika kinena, namuuliza kwanza hedhi yake ya mwisho ilianza tarehe ngapi. Nawe anzia hapo. Tafuta siku ya kwanza ya hedhi hiyo, hesabu wiki mpaka leo, andika kwenye simu. Halafu pima mkojo kuona kama una mimba, hata kama una koili ya kupanga uzazi, hata kama umefunga kizazi, hata kama umeona damu ukadhani ni hedhi.

Maumivu mengi ya mwanzo wa mimba si ya hatari. Tumbo huvuta kama hedhi inakuja, choo kigumu nacho huuma. Yanakuja, yanaondoka, ukilala yanatulia. Yanayoniogopesha ni yale yanayoshika upande mmoja yakakaa hapo, pengine na matone ya damu ya rangi ya kahawa. Mimba iliyotunga nje ya kizazi, ambayo mara nyingi huwa ndani ya mrija, hujionyesha zaidi kati ya wiki ya 4 na ya 12. Mrija ukipasuka, damu humwagikia ndani ya tumbo. Pedi yako inaweza kuwa karibu kavu na wewe unaishiwa damu.

Ndiyo maana nakuomba ulikumbuke bega. Damu ikifika juu, chini ya msuli wa kupumulia, uchungu husikika kwenye ncha ya bega, hasa ukilala. Wengi hudhani ni ndoo ya maji waliyobeba. Bega, kizunguzungu, jasho baridi, kuzimia, kusikia haja kubwa na hakuna kitu: ukiona mojawapo pamoja na maumivu ya tumbo, nenda sasa hivi kwenye hospitali inayofanya upasuaji. Usile wala usinywe kitu. Usingoje mume atoke zamu bandarini, mpigie ukiwa njiani. Kama itabidi uvuke kwenda Makadara, hospitali kuu ya Mombasa, usiingie feri kwa miguu peke yako. Tafuta gari na mtu wa kukushika.

Na tafadhali, usikandwe tumbo. Najua mama mkwe atasema ni chango, atatoa mafuta ya nazi na kumwita bibi wa mtaa. Nawaheshimu sana mabibi hawa, lakini mrija uliovimba haubonyezwi. Mwambie kwa adabu, “Mama, tukapige picha ya ultrasound kwanza.” Ukihitaji dawa ya maumivu, meza parasetamoli, acha ibuprofeni.

Kama maumivu yameshika upande mmoja lakini huna dalili hizo nzito, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Ukifika mapokezi usiseme tu tumbo linauma ukanyamaza, utawekwa foleni ya vidonda vya tumbo. Sema: “Nina mimba ya wiki sita, naumwa upande wa kushoto, naogopa imetunga nje.” Taja pia kama umewahi kupata mimba ya nje, kupasuliwa tumbo au kuugua maambukizi ya kizazi.

Picha ya kupitia ukeni huona mapema kuliko ya juu ya tumbo, usiikatae kwa haya. Omba nesi wa kike awepo. Kabla ya wiki ya 6 picha huenda isionyeshe kitu, na hilo halimaanishi uko salama wala kwamba mimba imeharibika. Hapo hupimwa homoni ya mimba kwenye damu, kisha hupimwa tena baada ya saa 48 kuona inavyopanda. Rudi kwa kipimo hicho cha pili hata kama maumivu yameisha. Wengi hawarudi, na hao ndio wananikosesha usingizi.

Mimba ya nje haihamishiki kuingia kizazini. Ikigunduliwa mapema, baadhi ya wanawake hutibiwa kwa sindano ya methotreksati bila kupasuliwa. Uliza kundi lako la damu; likiwa hasi, ulizia sindano ya anti-D, inayolinda mimba zako za baadaye. Karatasi zote ziweke kwenye mkoba mmoja, maana daktari wa zamu ya usiku siye aliyekuona asubuhi.