Boringi baa ya kujitengenezea: iache leithi ijipimie yenyewe

Jumamosi moja kijana wa jirani yangu hapa Kahawa West alinijia na puli ya inchi 4 mkononi. Mota ya mashine ya kukatia majani ya ng'ombe kwao ilikuwa imeungua, ile ya 1.5 kW, na babake akanunua ya 2.2 kW. Puli ikakataa kuingia. Ndivyo ilivyo: mota za kawaida za mizunguko 1400 hivi, ile ya 1.5 kW ina shafti ya 24 mm, ya 2.2 kW ina ya 28.

"Mzee, si tupitishe tu biti ya 28?"

Hapana. Tundu lina mfereji wa kii (kipande cha chuma kinachofunga puli kwenye shafti), na biti kubwa ikikutana na mfereji huo inarukaruka, inavutwa upande, na unabaki na tundu la yai. Tundu la puli hupanuliwa kwa boringi baa, yaani fimbo yenye kisu kidogo mwishoni inayoingia ndani ya tundu huku puli ikizunguka kwenye leithi, mashine ya kukerezea chuma. (Baa hii haina bia, nilishamwambia.) Yangu ilikuwa imevunjika, kwa hiyo tukatengeneza nyingine, yeye akishika msumeno nami nikitoa amri. Haya ndiyo tuliyofanya kwenye leithi yangu ndogo ya mezani, pamoja na kosa lililonila siku nzima miaka kadhaa nyuma.

Vitu vya kutafuta

Fimbo ya chuma laini ya mviringo, 16 mm, urefu wa sentimita 15. Kipande cha chuma au aluminiamu cha kutengenezea bloku, karibu 50 kwa 50 kwa 60 mm. Kisu cha mviringo cha 6 mm, cha HSS (chuma kigumu cha kutengenezea visu na biti). Skrubu moja ya M5 (unene wa 5 mm) isiyo na kichwa, ya kufungwa kwa alenikii, ndiyo itakayobana kisu, na bolti mbili za M6 za kubana bloku. Vyuma nilivipata Gikomba kwa wauza chakavu, wanaopima kwa kilo.

Kuhusu hiyo fimbo, utasikia ushauri mwingi. Usichukue nondo ya ujenzi, ina mbavu na ugumu wake haujulikani. Usichukue fimbo ya shokabu. Inang'aa na imenyooka vizuri, lakini ngozi yake imegandishwa ugumu na itamaliza biti zako kabla hujafika katikati. Kuna fundi mmoja Kariobangi tunayebishana kila tukikutana, anashikilia kwamba chuma kigumu hakipindi kama chuma laini. Kwa mzigo mdogo wa kukereza, vyote viwili vinapinda sawasawa. Ugumu wa ngozi ni jambo moja, ukaidi wa kutopinda ni jambo lingine, na huo wa pili hauongezeki kwa kukipasha moto na kukizamisha kwenye oili. Kinachosaidia ni unene na ufupi. Ukipunguza sehemu inayochomoza ikawa nusu, kupinda kunapungua mara nane. Kwa hiyo chuma laini kinatosha, mradi usikichomoze zaidi ya mara nne ya kipenyo chake. Kwa 16 mm hiyo ni 64 mm.

Hatua ya 1: Bloku

Bloku hii ndiyo inayoshika fimbo, na inakaa juu ya kompaundi (slaidi ndogo ya juu ya leithi) mahali pa kishikia visu cha kawaida. Toboa upande mmoja tundu la bolti ya kuifungia chini. Sawazisha kitako chake kwa tupa mpaka kisitikisike hata kidogo, kisha ifunge.

Sasa weka biti kwenye chaki yenyewe (kibano cha leithi kinachozunguka), si kwenye mkia wa leithi ulioko upande mwingine. Biti inazunguka, bloku imetulia, wewe unasukuma kereji (kigari kinachobeba bloku) kuelekea chaki. Anza na senta drili (biti fupi ya kuanzishia tundu), halafu biti za 5, 8, 12, mwisho 16. Tundu litakalotokea liko kwenye kimo cha senta ya leithi yako (katikati ya mzunguko wa chaki) bila wewe kupima chochote, kwa sababu leithi yenyewe ndiyo iliyolitoboa. Shika hilo kichwani, maana hatua ya 2 yote inalitegemea.

Toboa tundu za bolti za M6, kata mpasuko kwa msumeno wa chuma kutoka ukingoni hadi kwenye tundu kubwa, na bloku inakuwa kibano. Biti ya 16 huacha tundu kubwa kidogo kuliko 16, si neno, bolti zitalifunga.

Hatua ya 2: Tundu la kisu (hapa ndipo watu hulia)

Fimbo ni ya mviringo. Tundu la kisu linatakiwa lipite katikati yake kabisa, kutoka upande hadi upande. Likiegemea nusu milimita, kisu chako kitakaa juu au chini ya senta siku zote, na utaiacha fimbo ukutani ikiota kutu.

Mara yangu ya kwanza niliibana fimbo kwenye jiliwa chini ya drili ya kusimama, nikapiga panchi, nikashusha biti. Biti ikateleza kwenye mgongo wa fimbo kama mguu kwenye ganda la ndizi. Nikachora mstari upya, nikapiga panchi nzito zaidi. Ikateleza tena, safari hii ndani kwa ndani, na sikuona mpaka ilipotokea upande wa pili ikiwa imekula pembeni. Fimbo ya pili, nikajitia ujanja: nikaanza na tundu la skrubu, lile linaloingia kutoka kichwani mwa fimbo kwenda ndani, kisha nikatoboa la kisu livuke mbele yake. Hapo nikajifunza kwamba biti inayokuta upande mmoja chuma na upande mwingine hewa huegemea kwenye hewa. Stima ikapotea saa kumi na moja jioni, nikashukuru.

Njia inayofanya kazi ni hii. Ingiza fimbo kwenye bloku uliyoitengeneza, ifunge, kisha legeza bolti ya chini na uzungushe bloku nzima robo mzunguko. Sasa fimbo imelala kukatisha mbele ya chaki, na mhimili wake uko kwenye kimo cha senta, kwa kuwa tundu inamokaa lilitobolewa kutoka kwenye chaki hiyohiyo. Biti ukiiweka kwenye chaki haina pa kwenda ila katikati ya fimbo.

Yapo mambo ya kuangalia, na usiyaruke.

Usiweke kibati chochote chini ya bloku, wala chini ya bloku kusibaki taka za chuma. Futa kompaundi kwa kidole, si kwa kitambaa tu. Kidole kinasikia punje ambayo jicho halioni. Punje moja chini ya kitako inainua fimbo na hesabu yote imeharibika.

Kama huamini (mimi siamini hata leo), kata kipande cha fimbo ileile, kibane kwenye chaki, na ulaze rula ya chuma juu ya mgongo wa kipande na mgongo wa fimbo kwa pamoja. Rula ikilala bila kucheza, uko sawa. Zungusha chaki nusu mzunguko upime tena, kwa sababu chaki za taya tatu mara nyingi hazishiki katikati kamili. Ukiona tofauti ndogo inayogeuka ukizungusha, hiyo ni ya chaki. Ukiona tofauti isiyogeuka, rudi kwenye punje.

Sogeza kros slaidi (slaidi inayokatisha leithi) mpaka biti ielekee 10 mm kutoka kichwani mwa fimbo. Papare pale kwa tupa kidogo upate uso bapa, upana wa ukucha. Kisha senta drili, ifupishe kwenye chaki kadiri uwezavyo. Biti ndefu huyumba, na wengi huweka biti ndefu kwa sababu ndiyo iliyoko mkononi. Baada ya senta drili pitisha 5.8, mwisho 6. Usiende moja kwa moja na ya 6: biti inayotoboa chuma kizima hutanua tundu, lakini inayosafisha tu kingo hutoka na kipimo chake. Tia oili, na ukikaribia kutokea upande wa pili punguza mkono, maana hapo ndipo biti hujivuta.

Kisu chako kikiingia kwa kusukumwa na dole gumba na hakichezi, kunywa chai. Kijana alitaka tuendelee. Nilimwambia chai kwanza.

Tundu hili linalokatisha fimbo kwa nyuzi 90 linafaa kwa puli, kwa sababu puli ina tundu linalopita hadi upande wa pili. Ukitaka kupanua tundu lenye sakafu, kisu lazima kitangulie kichwa cha fimbo, kwa hiyo zungusha bloku ili tundu lilale kwa nyuzi 45.

Hatua ya 3: Skrubu

Fimbo kwenye chaki, sawazisha kichwa, senta drili, biti ya 4.2 mpaka idumbukie kwenye tundu la kisu, kisha tapu ya M5 ya kukatia uzi wa skrubu. Rudisha tapu nyuma kila nusu mzunguko.

Hatua ya 4: Kisu

Hapa nina msimamo wangu. Visu vya kabaidi (metali ngumu kuliko HSS) ni vizuri kwa mashine nzito na kazi isiyokatika. Puli hii ina mfereji, maana yake kila mzunguko kisu kinagonga ukingo mara moja, na kwenye leithi ndogo inayotetemeka ncha ya kabaidi inamegeka. HSS inavumilia, na ikichoka unainoa kwa grainda ya mezani.

Angalizo kuhusu kuokoteza: shina la biti iliyovunjika linafanana na HSS, na mara nyingi ni laini hata tupa inalikata. Jaribu kwa tupa kabla hujapoteza muda. Senta drili iliyovunjika ncha ni bora zaidi, mwili wake ni mgumu.

Kata urefu wa 19 mm kwa diski nyembamba: 16 za unene wa fimbo na 3 za kuchomoza. Upande wa nyuma usichomoze chochote. Noa ubavu bapa mdogo ambapo skrubu itakanyaga, la sivyo kisu kitazunguka kwenye tundu lake katikati ya kazi. Uso wa juu uwe bapa, kisha noa mbele kuelekea chini kwa nyuzi 8 hadi 10. Halafu noa tena chini zaidi, maana ukuta wa tundu umepinda na kisigino cha kisu kitausugua. Ukiona ukuta unang'aa lakini haukatwi, ni kisigino.

HSS ikigeuka bluu kwenye grainda usiogope, inahimili joto karibu nyuzi 550 bila kulegea. Kisu cha tupa kuukuu ndicho kinachokufa kikifika bluu. Lakini HSS iliyowiva usiitumbukize kwenye maji, itapata nyufa usizoziona. Miwani vaa. Glavu vua.

Hatua ya 5: Kukereza puli

Rudisha bloku ilivyokuwa, fimbo ielekee chaki. Ncha ya kisu ikae juu ya senta kwa unywele, zungusha fimbo kidogo kwenye bloku kuipata. Sababu ni hii: mzigo hukisukuma kisu chini. Kikiwa juu ya senta, kikishuka kinajiondoa kwenye ukuta. Kikiwa chini ya senta, kikishuka kinachimba zaidi, na kadiri kinavyochimba ndivyo kinavyoshuka.

Puli ni ya chuma cha kusubu, kereza bila oili. Itatoa vumbi jeusi litakalokupaka mpaka puani, kwa hiyo funika reli za leithi kwa gazeti. Mizunguko 200 kwa dakika inatosha kwa tundu la 28. Kula robo milimita kila safari, na ukibakisha robo ya mwisho pitisha kisu mara mbili bila kukisogeza. Safari ya pili utasikia bado kinakata kidogo. Ni fimbo inanyooka, ikimalizia ilichoruka. Pima baada ya hapo, si kabla. Shafti ya mota yenyewe ndiyo geji, na tuliacha puli ikiingia kwa kusukumwa na kiganja.

Jambo ambalo nusura nilisahau: kii ya shafti ya 24 na ya 28 zote zina upana wa 8 mm, kwa hiyo mfereji uko sawa kwa upana. Lakini tumekula milimita 2 kila upande, na mfereji uliokuwa na kina cha 3.3 umebaki na 1.3. Lazima uchimbwe tena kwa tupa bapa, taratibu, ukijaribu na kii kila baada ya dakika chache. Kazi hiyo nilimwachia kijana. Ilimchukua mpaka saa mbili usiku, na akarudi siku iliyofuata kuomba tupa.