Namna ya Kuonja Piza ya Mji Usio Wako na Kuihukumu kwa Haki

Mtu aliyekulia New Haven, mji wa Marekani, akimsikia mgeni akisema kwamba piza ya kwao imeungua, hanyamazi. Mtu wa St. Louis, mji mwingine wa huko, naye amesikia jibini ya kwao ikitukanwa mara nyingi kiasi kwamba majibu anayo tayari mdomoni. Anayezitazama hisia hizi kwa mbali huona zimepita kiasi, kwa kuwa kinachogombewa ni unga, nyanya na jibini tu. Lakini zina chanzo chake, na mwenye kukijua chanzo hicho hula vizuri zaidi, kwa sababu anajua cha kutafuta katika kila sahani. Mwongozo huu ni wa yule atakayefika katika mji wenye piza yake, au atakayekuta duka linalopika kwa mtindo wa mji fulani, na ambaye hataki kutoa hukumu kabla ya kuelewa. Msimamo wangu ni kwamba piza ya mji hupimwa kwa kile ambacho wapishi wa mji huo walikusudia, wala si kwa kile ulichokizoea wewe.

Anza na tanuri

Kabla ya kuuliza lolote juu ya nyanya au jibini, uliza piza hiyo imeokwa kwa moto wa nini, katika chombo gani na kwa muda gani. Karibu mambo mengine yote hutokana na hayo.

Chukua Napoli, mji wa Italia. Chama cha Associazione Verace Pizza Napoletana, kilichoanzishwa mwaka 1984, kimeandika kanuni za piza ya mji huo, na mwaka 2010 Umoja wa Ulaya uliisajili piza hiyo miongoni mwa vyakula vya jadi ambavyo mapishi yake yanalindwa. Kwa kanuni zilizosajiliwa Ulaya tanuri ni la kuni, sakafu yake hufikia joto la nyuzi 485 za Selsiasi, na piza hukaa humo kwa sekunde 60 hadi 90. Katika muda mfupi namna hiyo ukingo huumuka kwa ghafla na kupata madoa meusi, huku katikati pakibaki laini na penye majimaji ya nyanya na jibini. Mgeni aliyezoea piza kavu husema haijaiva. Imeiva, haikupewa tu nafasi ya kukauka, na ulaini huo ndio unaotakiwa, kwani kanuni zenyewe zinataka piza inyumbuke na ikunjike kwa urahisi.

New York ilianza na makaa ya mawe. Duka la Gennaro Lombardi katika mtaa wa Spring, ambalo kwa desturi huhesabiwa kuwa la kwanza la piza nchini Marekani, hutajwa kuwa lilianza mwaka 1905. Baadaye zikaenea oveni za gesi, zenye sakafu pana na joto la chini zaidi, na muda wa kuoka ukarefuka kutoka dakika chache sana hadi dakika nyingi zaidi. Mozarela mbichi, jibini laini ya Kiitalia, ingetoa maji mengi katika muda huo, kwa hiyo iliyoshika nafasi ni mozarela iliyokaushwa kiasi. Ukoko nao ukawa mkavu wa kutosha kubebwa mkononi, na muuzaji akaweza kumpa mpita njia kipande kimoja badala ya piza nzima. Kule kukunja kipande katikati na kukila ukitembea, jambo ambalo wengi hudhani ni madoido ya watu wa mjini, kumetokana na oveni. Wenyeji hupenda kusema kwamba siri iko katika maji ya bomba ya New York. Maji laini huathiri unga kwa kiasi fulani, lakini naona unga wenye protini nyingi, uumukaji wa polepole na oveni yenyewe vinafanya kazi kubwa zaidi.

Detroit ni mfano ulio wazi kuliko yote. Piza yake hutajwa kuanza mwaka 1946 katika baa iliyokuja kujulikana kama Buddy's, na husimuliwa kwamba trei za kwanza zilikuwa zile za chuma zilizotumika katika viwanda vya magari kubebea vipuri. Trei hizo ni za mstatili, zina kuta ndefu, na chuma chake hushika joto sana. Jibini ya jimbo la Wisconsin iitwayo brick hutandazwa hadi igusane na ukuta wa trei, ikateremka kati ya chuma na unga, ikakaangika humo kwa mafuta yake yenyewe. Ukikitoa kipande cha kona utaona ukuta mwembamba wa jibini iliyokolea rangi ya kahawia, wenye vitundu vidogo kama kitambaa cha lesi, unaovunjika kwa mlio, na nyuma yake unga mwororo uliojaa hewa. Rojo la nyanya humwagwa juu ya jibini kwa mistari, ili lisiulowanishe unga. Mji uliotengeneza magari ulipata piza yenye umbo la vyombo vyake vya kazi, na anayeiita mkate wa jibini anagusa zaidi ya chakula.

Geuza kipande

Sehemu inayosema kweli zaidi kuhusu piza ni ile ya chini, ambayo walaji wengi hawaiangalii kamwe. Inua kipande, kigeuze, na kichunguze kwenye mwanga. Piza ya Napoli huwa na madoa madoa yaliyotawanyika, meusi juu ya eneo jeupe, kama ngozi ya chui. Ikiwa chini pameungua pote kwa rangi moja, au pamepauka kabisa, mpishi amekosea kwa vipimo vya mtindo wake mwenyewe. Ya New York inapaswa kuwa na rangi ya kahawia iliyosambaa sawasawa, na ukiikunja, ukoko utoe mpasuko mdogo bila kukatika. Ya Detroit inang'aa kwa mafuta. Ya New Haven ina weusi wa kweli pembeni na chini, kwa sababu moto wake ni wa makaa ya mawe na haukuondolewa mji huo ulipopata njia rahisi zaidi. Uchungu mdogo wa weusi huo ndio unaozuia utamu wa nyanya usizidi.

Roma nayo ichunguze kwa unene. Piza ya duara ya huko husukumwa kwa kijiti hadi iwe nyembamba na ikauke, ilhali kanuni za Napoli zinakataza kijiti hicho kabisa na zinataka unga unyooshwe kwa mikono. Miji miwili ya nchi moja imechagua njia zinazopingana, na kila mmoja huiona njia ya mwenzake kuwa ndiyo inayouharibu unga.

Agiza ile ya msingi kwanza

Kila mtindo una piza moja inayoubeba, na hiyo ndiyo ya kuagiza kabla ya nyingine yoyote. Napoli agiza marinara, ya nyanya na kitunguu saumu bila jibini, au margherita, ya nyanya na mozarela. New York agiza kipande cha jibini tupu, usiongeze kitu. Ukiwa New Haven tahadhari: piza ya kawaida huko ni ya nyanya na jibini kavu iliyokunwa kidogo, na mozarela ni nyongeza ambayo lazima uitaje. Mgeni asiyejua hilo huletewa piza nyekundu isiyo na utando mweupe aliouzoea, akadhani amepunjwa. Ukishaionja hiyo, ndipo uende kwenye ile ya kome, kitunguu saumu na mafuta ya zeituni, isiyo na nyanya, ambayo imeupatia mji huo sifa.

St. Louis usiikwepe jibini yake. Provel ni jibini ya kusindikwa iliyochanganywa kutokana na cheddar, provolone na ya Uswisi, na hutiwa juu ya ukoko usio na hamira, mwembamba wa kuvunjika kama biskuti, kisha piza hukatwa miraba midogo. Provel ikiyeyuka haivutiki kwa nyuzi. Hukatika safi kwenye meno, na ina ladha ya moshi. Ukiitazamia nyuzi za mozarela utaikasirikia bure. Kuiomba piza hiyo kwa mozarela, eti upate kuionja vizuri, ni kuomba piza nyingine.

Chicago inahitaji maagizo mawili, na hapa wageni wengi hupotoka. Piza nene ya sufuria, ambayo historia yake huanzia Pizzeria Uno mwaka 1943, hupandishwa unga hadi juu kwenye kuta za chombo, hutiwa jibini kwanza, kisha nyama, na nyanya zilizopondwa huja juu kabisa. Mpangilio huo una sababu: piza hiyo hukaa ndani ya oveni kwa nusu saa au zaidi, na jibini iliyo wazi ingeungua. Lakini wakazi wengi wa Chicago watakwambia kwamba wanayoila nyumbani kila mara ni ile nyembamba iliyokatwa miraba, iliyokuwa ikiliwa katika baa pamoja na bia. Anayeihukumu Chicago kwa ile nene peke yake anauhukumu mji kwa chakula ambacho wenyeji mara nyingi humwachia mgeni.

Kula kama wenyeji wanavyokula

Mwezi Januari mwaka 2014, Bill de Blasio akiwa meya mpya wa New York alionekana akila piza kwa uma na kisu huko Staten Island, sehemu ya mji huo, na jambo hilo likawa gumzo la mji mzima. Alijitetea kwamba Italia, nchi ya asili ya mababu zake, watu hula hivyo, na alisema kweli, kwani mezani Napoli uma na kisu ni vya kawaida kwa piza yenye majimaji katikati. Kosa lake lilikuwa kuhamishia desturi ya piza moja kwenye piza nyingine. Kwa hiyo angalia meza ya jirani kabla ya kuanza. Piza ya sufuria ya Chicago hudai uma; ya Detroit hushikwa kwa mkono kwa kuwa ukuta wake wa jibini huishikilia; ya Roma inayouzwa kwa kukatwa hupimwa kwa uzito na kuliwa kwa kusimama.

Jua ugomvi unatoka wapi kabla ya kuuingia

Kati ya 1880 na 1920 Waitalia wapatao milioni nne, wengi wao kutoka kusini, waliingia Marekani. Waliotua New Haven wakawa mtaa mmoja, Wooster Street, na ndipo Frank Pepe alipofungua duka lake mwaka 1925. Mwaka 1938 mpwa wake, Salvatore Consiglio, akaanza duka la Sally's hatua chache kutoka hapo. Moto ni uleule, unga unafanana, ukoo ni mmoja, lakini kuna familia ambazo kwa vizazi zimekula kwa mjomba au kwa mpwa na haziwezi kuvuka. Mfano huu unanifundisha zaidi kuliko mashindano ya New York na Chicago. Sigmund Freud, mwanzilishi wa uchambuzi wa nafsi, alieleza kwamba jamii zinazokaribiana sana ndizo hushikilia tofauti ndogo kwa nguvu zaidi, kwa kuwa bila tofauti hizo hakuna cha kuwatenganisha. Mwenye piza nene na mwenye piza nyembamba wanaweza kutaniana. Wale wa mtaa mmoja hubishana kwa dhati.

Sababu ya pili ni mazoea. Mwaka 1968 mwanasaikolojia Robert Zajonc alionyesha kwamba kukikuta kitu tena na tena kunatosha kumfanya mtu akipende. Piza huingia katika maisha ya mtu mapema, tena nyakati za furaha: baada ya mechi, siku ya kuzaliwa, Ijumaa jioni baba anapopokea mshahara. Mtoto hajui kwamba analishwa mtindo. Anajua tu kwamba hii ndiyo piza. Akihamia mji mwingine ndipo anaambiwa kwamba ya kwao si piza halisi, na mtu aliyeambiwa hivyo anasikia kwamba utotoni mwake palikuwa na upungufu.

Kwa sababu hiyo, ukikaa mezani na mwenyeji, usianze kwa kulinganisha. Muulize alikuwa akila wapi alipokuwa mdogo, nani alikuwa akiagiza, na kipande gani kiligombewa. Kona au katikati? Jibu la swali hilo dogo litakueleza thamani ya piza hiyo kuliko maelezo ya mapishi.

Toa hukumu, lakini kwa kipimo chake

Haki haimaanishi kusifu kila kitu. Kuna piza mbaya za kila mtindo, na ni heshima kwa wapishi wazuri kuzitaja. Piza ya Napoli yenye ukingo wa kutafunwa kama mpira imefeli, kwa sababu unga haukupewa saa za kuumuka. Ya Detroit isiyo na ukuta wa jibini imekosa kitu chake kikuu. Ya Chicago ambayo chini yake pamelowa ni kosa la mpishi, na wenyeji watakuwa wa kwanza kulikubali, mradi usiseme kwamba kosa ni unene. Sfincione, piza nene ya Palermo katika kisiwa cha Sicilia, yenye vitunguu, dagaa wa chumvi na chenga za mkate juu yake, ikikosa unga mwororo unaobonyea kama sponji, hata kitunguu kizuri hakiiokoi.

Na duka moja halitoshi kuuhukumu mji. Ukiweza, onja duka la pili la mtindo uleule kabla ya kuhamia mtindo mwingine, ikiwezekana siku hiyohiyo, ukiagiza ile ile ya msingi na ukigeuza kipande kama ulivyofanya mwanzo. Tofauti utakazoziona kati ya maduka hayo mawili ni za wapishi. Yale yatakayofanana ndiyo mtindo wenyewe.