Somo: Kutuma mahali ulipo na kuzungumza na watu walio karibu bila kumwonyesha mgeni mlango wa nyumbani

Katika mji wetu wa Lubumbashi, nchini Kongo (DRC), namba ya nyumba peke yake haimfikishi mgeni. Avenyu nyingi za komini (wilaya za mji) za Katuba, Ruashi na Annexe hazina kibao, na hata zile zenye kibao hujulikana zaidi kwa jina la kanisa, la duka la dawa au la mwembe ulio kwenye kona. Ndiyo maana ombi la "nitumie lokalizasio", yaani nitumie mahali ulipo kwenye ramani, limekuwa la kila siku kwa wauzaji, madereva wa teksi na jamaa wanaotafuta nyumba ya kilio. Jambo hilo ni jema, na somo hili halikusudii kulizuia. Ninachotaka ni tutofautishe matendo matatu ambayo watu huyachanganya: kutuma nukta moja ya mahali ulipo, kumruhusu mtu aufuate mwendo wako kwa muda, na kuiacha programu iwaambie watu usiowajua kwamba uko umbali fulani kutoka walipo. Hilo la tatu linaonekana dogo kuliko yote, nalo ndilo lenye hatari kubwa zaidi.

Hatua ya kwanza: panga ruhusa za simu

Fungua mipangilio ya simu na uingie sehemu ya mahali, ambayo kwenye simu zilizowekwa katika Kifaransa, kama zilivyo nyingi hapa kwetu, huandikwa Localisation au Position. Utakuta orodha ya programu zote zilizowahi kuomba kujua ulipo. Isome yote, kwa sababu mara nyingi utakuta humo mchezo wa karata au programu ya tochi ambayo haina haja yoyote ya kujua unalala komini gani. Hizo zinyime ruhusa mara moja. Ramani na WhatsApp zipe ruhusa ya wakati unapozitumia tu. Programu za urafiki na mazungumzo zipe mahali pa kukadiria, si mahali kamili. Chaguo hilo lilianza kwenye iPhone kwa toleo la iOS 14 la mwaka 2020, na kwenye simu za Android kwa toleo la 12 la mwaka 2021. Kwa upande wa Android, mahali pa kukadiria ni eneo la takriban kilomita 3 za mraba, yaani mtaa mzima na majirani zake. Ikiwa simu yako ni ya zamani na haina chaguo hilo, usizipe programu hizo ruhusa kabisa.

Hatua ya pili: tuma nukta, lakini ngoja itulie

Kwenye WhatsApp, fungua mazungumzo, bonyeza alama ya kibanio cha karatasi au ile ya kujumlisha kwenye iPhone, kisha uchague mahali. Hapa watu hufanya haraka. Ramani inapofunguka, nukta yako huzungukwa na duara hafifu, na chini yake huandikwa usahihi kwa mita. Duara hilo ndilo eneo ambalo simu inadhani umo. Ukiwa ndani ya nyumba ya mabati, namba hiyo inaweza kuwa kubwa, na ukituma wakati huo mgeni atajikuta kwenye avenyu ya nyuma akigonga geti la watu wengine. Toka uani, simama mahali unapoona mbingu, ungoje namba ishuke. Penye uwazi, simu ya kawaida hufika kwenye usahihi wa mita 5 hivi. Kisha ongeza maneno: rangi ya geti, jina la duka lililo mkabala, na mtu wa kuuliza.

Kumbuka kwamba nukta uliyotuma hubaki ndani ya simu ya mpokeaji. Ukimtumia mteja nukta ya nyumbani kwako leo, ataweza kuifungua hata mwaka ujao, wakati hamwelewani tena. Kwa mtu usiyemfahamu vizuri, isogeze ramani kwa kidole uchague mahali pa wazi, kama vile mbele ya Posta katikati ya mji, halafu mkutane hapo.

Hatua ya tatu: kuruhusu mwendo wako ufuatwe

WhatsApp hutoa muda wa aina tatu: dakika 15, saa 1 na saa 8. Huduma hii ilianza Oktoba 2017, na imefichwa kwa usimbaji wa mwanzo hadi mwisho, maana yake ni kwamba anayeona ni yule uliyemchagua tu. Nakuhimiza uitumie unapopanda teksi usiku kutoka katikati ya mji kuelekea Kasapa, au unapokwenda kukutana na mtu kwa mara ya kwanza. Hata hivyo, usiitume kwenye kundi, kwa kuwa kila aliye ndani ya kundi ataona, pamoja na yule ambaye humjui hata kwa jina.

Mchague mtu ambaye atakuwa macho. Nukta inayotembea kwenye simu ya dada aliyelala haimlindi mtu yeyote. Kubalianeni mapema: nukta ikisimama kwa dakika kumi mahali pasipo na sababu, atapiga simu, usipopokea, atampigia nani baada ya hapo. Mweleze pia kwamba simu ikizimika au mtandao ukikatika, ramani itaendelea kuonyesha mahali pa mwisho, hivyo asisome nukta peke yake bali asome na saa ilipopokelewa. Ukifika salama, bonyeza kusimamisha, hata kama muda haujaisha.

Hatua ya nne: elewa maana ya umbali

Huduma za kuonyesha watu walio karibu zimekuwako kwa miaka mingi. Facebook ilileta ya kwake ya marafiki walio karibu mwaka 2014, ikaifunga tarehe 31 Mei 2022. Telegram, programu ya mazungumzo, ilianza kuonyesha watu walio karibu mwaka 2019, na mnamo Septemba 2024 mwanzilishi wake, Pavel Durov, akatangaza kwamba imeondolewa kwa sababu ilikuwa imesumbuliwa na roboti na matapeli. Programu za kutafuta wachumba bado zinaonyesha umbali, na wengi wanazitumia wakiamini kwamba "kilomita 5" ni habari isiyomdhuru mtu.

Tazama jinsi inavyoweza kumdhuru. Tuseme binti yuko kwao Katuba, na programu inaonyesha umbali wake. Mtu asiyemjua anasimama Posta, anasoma kilomita 5, anachora duara la kilomita 5 kwenye ramani: binti yuko mahali fulani juu ya mstari wa duara hilo. Anakwenda soko la Kenya (komini ya hapa Lubumbashi, si nchi), anasoma umbali mwingine, anachora duara la pili, nayo yanakatana mahali pawili tu. Anakwenda Ruashi, anachora la tatu, na sasa imebaki sehemu moja. Wala hahitaji kulipa nauli ya teksi, kwa kuwa zipo programu za kuidanganya simu iseme iko Posta ilhali mwenyewe amekaa kitini kwake. Mwaka 2014, wataalamu wa kampuni ya usalama ya Include Security walieleza kwamba Tinder ilikuwa ikituma umbali wenye desimali nyingi kiasi cha kumpata mtu kwa njia hii hii, na kasoro hiyo ilirekebishwa.

Kukadiria namba, yaani kuonyesha kilomita nzima bila desimali, kunasaidia, lakini si kinga kamili. Anayetafuta anaweza kusogea polepole mpaka aone pale namba inapobadilika kutoka 3 kwenda 4, na mahali hapo pa kubadilika humpa umbali halisi. Mwaka 2021 ilionyeshwa kwamba Bumble, programu nyingine ya kutafuta wachumba, ilikuwa na udhaifu wa aina hiyo, nayo ikauziba. Kwa hiyo, ikiwa programu inaruhusu kuficha umbali, ficha. Ikiwa hairuhusu, ifungue ukiwa mjini, kazini au chuoni, na usiifungue kamwe ukiwa nyumbani usiku, kwa maana pale unapoonekana kila usiku ndipo unapolala.

Hatua ya tano: mazungumzo yenyewe

Kwenye wasifu wako usiandike avenyu, shule ya watoto wala jina la kampuni ya mgodi unayofanyia kazi. Picha iliyopigwa mbele ya geti lako husema mengi kuliko maandishi. Kabla ya kukutana, omba mzungumze kwa simu ya video. Anayetoa udhuru kila mara, achana naye. Mkutane mchana, mahali penye watu, kila mmoja afike kwa usafiri wake, na pesa zisitumwe kabla ya kuonana, hata ikisemekana ni nauli tu.

Maswali ya wanachama

Swali: Salamu, mwalimu. Ninauza vitenge nyumbani, komini ya Kenya, na wateja hunikuta kupitia simu. Nikiwaficha mahali, nitauzaje?

Jibu: Mama, biashara yako inahitaji kuonekana, basi tutenganishe mambo mawili. Wateja wa zamani unaowafahamu wapate nukta ya nyumbani bila shida. Wapya wape nukta ya mahali pa wazi palipo karibu, na mtoto mkubwa au jirani awapokee hapo. Ukipata meza sokoni, weka nukta ya meza kwenye tangazo lako, usiweke ya parsele (kiwanja) mnamolala.

Swali: Kijana mmoja aliniandikia kwamba WhatsApp ilimwonyesha kuwa niko karibu naye. Je, inawezekana?

Jibu: Hapana, dada. WhatsApp haina orodha ya watu walio karibu. Ili akuandikie, kwa kawaida ni lazima awe na namba yako. Ameipata kwenye kundi mliomo wote, kwenye tangazo, au kwa mtu anayekujua. Muulize ameipata wapi, na jibu lake la pili likitofautiana na la kwanza, mzuie.

Swali: Je, ni kweli kwamba GPS, ile inayoiambia simu iko wapi, inakula mega (data za intaneti)?

Jibu: GPS yenyewe haili. Setilaiti zake ziko juu kwa takriban kilomita 20,200, zinatangaza tu, na simu yako inasikiliza kama redio. Kinachokula mega ni picha za ramani na kutuma mahali ulipo kwa mwenzako. Unaweza kupakua ramani ya Lubumbashi mara moja ukiwa na Wi-Fi, kisha ukaitumia bila mtandao. Betri ndiyo inayoisha haraka, hasa ukiruhusu mwendo ufuatwe kwa saa 8.

Swali: Nikituma picha, je, inabeba mahali nilipoipigia?

Jibu: Kamera nyingi huandika mahali ndani ya faili la picha ikiwa umeziruhusu. WhatsApp huondoa habari hizo unapotuma kama picha ya kawaida, lakini ukiituma kama waraka ili isipoteze ubora, huenda nazo zote. Dawa ni kuinyima kamera ruhusa ya mahali.

Swali: Rafiki ana Telegram ya zamani ya kupakua ambayo anasema bado inaonyesha watu walio karibu. Je, niichukue?

Jibu: Usiichukue, ndugu. Faili linalopitishwa mkono kwa mkono huwezi kujua limeongezewa nini, na ukiingiza namba yako na msimbo humo unaweza kumkabidhi mtu mwingine akaunti yako yote.

Swali: Mwalimu, naomba jina langu lisitajwe. Mume wangu anajua kila ninapokwenda, hata nisipomwambia. Nitajuaje kama ni simu?

Jibu: Dada, anza na Google Maps. Bonyeza picha ya akaunti yako juu, fungua Partage de position (kushiriki mahali ulipo), uone nani ameorodheshwa. Huduma hiyo ina chaguo la kuendelea mpaka uizime mwenyewe, na mtu aliyeishika simu yako kwa dakika moja anaweza kuiwasha. Kisha nenda kwenye akaunti ya Google uone vifaa vilivyoingia, kwani anayejua neno lako la siri anaweza kuitafuta simu kutoka kwenye simu nyingine. Kwenye WhatsApp, tazama vifaa vilivyounganishwa, na katika mipangilio ya faragha tazama kama kuna mazungumzo ambayo mwendo wako bado unafuatwa.

Sasa nakuomba uwe mwangalifu kuliko nilivyomshauri mtu mwingine yeyote hapa. Ukiona jina lake, usizime papo hapo ikiwa kuzima kutamkasirisha na unaogopa kupigwa. Kwanza zungumza na mtu mzima unayemwamini, ukitumia simu yake na si yako, na mpange pa kwenda. Piga picha za kurasa hizo kwa simu ya mtu huyo na azihifadhi yeye. Nchi yetu ina Kanuni ya Kidijitali, Sheria-amri namba 23/010 ya tarehe 13 Machi 2023, yenye sehemu ya kulinda data za watu binafsi, na mwanasheria anaweza kukueleza inavyokuhusu ukishakuwa mahali salama. Neno la siri jipya lichague ukiwa huko.