Somo: Namna ya kucheza mviziaji kwenye vita vya makundi bila kufa wa kwanza kila siku

Wakuu habari zenu. Hili somo niliahidi kitambo nikawa napiga danadana, ila jana nimecheza gemu la mtandaoni na vijana wawili wapya wa gildi yetu (kundi letu la wachezaji), wote wamechagua klasi (aina ya mhusika) ya kujificha, na kila tukikutana na kundi la maadui wao ndo wanatangulia kulala chini, alafu ukimuuliza anakwambia klasi mbovu, wameipunguza makali. Hamna bana. Klasi iko sawa, ni sisi tunaicheza kama tuko kwenye pambano la mmoja kwa mmoja.

Kwanza tuelewane lugha. Nikisema mviziaji namaanisha Rogue wa World of Warcraft, Thief wa Guild Wars 2, Nightblade wa Elder Scrolls Online na ndugu zao wote. Mganga ni yule anayejaza wenzake damu. Ganzi ni zile skili zinazomgandisha mtu asifanye kitu. Medali ni ile skili ya kujinasua kwenye ganzi, kila mtu anayo moja na akishaitumia inachukua muda mrefu kujichaji. Mifano mingi natoa World of Warcraft maana humo ndo nimekulia, kwenye gemu zingine namba zinabadilika ila akili ni ileile.

Sasa kitu chenyewe ni hiki. Ukiwa mmoja kwa mmoja kazi yako ni kuua. Kwenye 15 kwa 15 au 40 kwa 40 kazi yako ni kumtoa kazini mtu mmoja muhimu kwa zile sekunde 8 au 10 ambazo kundi lako linaingia. Akifa sawa. Asipokufa lakini hajamponya mtu hata mara moja kwa sekunde 10, umemaliza kazi, wenzake watakufa wenyewe na hawatajua kwa nini.

Hatua ya 1: safisha vitufe vyako

Hii napita haraka. Ondoa kila kitu kinachoweza kukufichua bila wewe kutaka. World of Warcraft ukibofya kitufe cha kulia cha mausi juu ya adui unaanza kumpiga, na wengi wanajitoa mafichoni hivo hivo kwa kidole tu, walikuwa wanageuza kamera. Jihadhari na hilo. Makro (vitufe vya amri unazopanga mwenyewe) zenye amri ya kuanza kupiga nazo zitenge na zile unazotumia ukiwa umejificha. Alafu tengeneza makro ya Kick (teke la kukatisha uchawi) inayompiga yule uliyemweka kwenye fokasi (adui uliyemtia alama ya kumfuatilia) hata kama macho yako yako kwa mtu mwingine, hiyo moja tu itakubadilishia maisha.

Hatua ya 2: usitembee na kundi

Kosa namba moja la wageni. Kundi linapita katikati ya uwanja, linamwagiwa mapigo yanayopiga eneo zima, na wewe uko katikati yao umejificha vizuri kabisa ila yale mapigo hayakuoni wala hayahitaji kukuona, yanakugusa tu na ushafichuka. Maadui wenye akili wanajua hilo, mage (mchawi) anapiga Arcane Explosion hewani bila kulenga mtu, paladin anatandaza Consecration chini, hunter anarusha Flare pale anapohisi upo.

Kwahiyo we zunguka pembeni, tena uondoke mapema kuliko kundi, kwa sababu ukiwa umejificha kwenye baadhi ya gemu unatembea taratibu. Mimi nikisikia kamanda anasema jiandaeni nakuwa nshaondoka. Na usipite mbele ya uso wa mtu: World of Warcraft kadri unavyomsogelea mtu kwa mbele ndivyo anavyoweza kukuona, kwa nyuma unaweza ukamkaribia sana na asijue. Pita migongoni mwao, acha nafasi, na ukiona wamekusanyika sehemu nyembamba kama mlangoni au darajani usijipenyeze, subiri watoke.

Hatua ya 3: mchague mtu kabla hujafika

Sio mganga yeyote. Mganga aliyebanwa katikati ya watu wake 10 mwachie, huyo ukimgusa umegusa wote. Tafuta yule aliyesimama nyuma kidogo anapenda kujitenga, wapo kila kundi, anadhani umbali ndo usalama. Ukishampata mweke fokasi, kaa naye kama mita 20 hivi na umsome. Anatembea au anasimama akiponya? Amezungukwa na tanki (mwenzake mgumu kuuawa) anayeweza kugeuka kumsaidia? Medali yake bado anayo au alishaitumia kwenye pambano lililopita? Hiyo ya mwisho World of Warcraft inajichaji kwa zaidi ya dakika moja, kwahiyo kama umemwona ameitumia dakika moja iliyopita, huyo ni wa kwako kabisa.

Kama waganga ni watatu na hakuna aliyejitenga, achana nao. Mtafute yule mage anayefanya uharibifu mkubwa, au tulia tu. Kutulia nako ni kazi, nitaeleza chini.

Hatua ya 4: subiri. Alafu subiri tena

Hapa ndo pana somo lote, hayo mengine mapambo.

Makundi mawili yanapogongana sekunde za mwanzo kila mtu ana kila kitu, medali ziko full, damu zimejaa, na macho ya watu yako kwenye uwanja yanatafuta wanaojificha kama wewe. Ukitoka hapo umejitoa sadaka. Ngoja sekunde 4 au 5. Kuanzia hapo damu za watu zinashuka, mganga hatazami uwanja tena, anatazama vile vimstari vya damu vya wenzake pembeni ya skrini, anabofya tu, mgongo wake hauna mwenyewe. Hapo toka.

Nikiri kosa langu. Kuna mechi moja tulikuwa tunaenda vizuri, nimeshakaa nyuma ya mganga wao, mtu peke yake, ametulia kama picha, mikono ikaniwasha nikamvamia. Kundi langu lilikuwa bado kilimani kama sekunde 12 kufika. Nikampiga ganzi, akatumia medali, nikampiga tena, akageuka yeye na tanki wao na mwingine sijui alitokea wapi, nikafa. Kundi langu lilipofika wakakuta mganga amejaa damu na yuko macho, na mimi nasubiri kufufuka makaburini. Tukafutwa wote. Kamanda hakunigombeza, alisema tu "tulikuwa na mviziaji eeh?" Iliniuma kuliko matusi.

Siku hizi nina kipimo: sitoki mpaka nimeona mganga ameanza kuponya mara ya pili. Ya kwanza inaweza kuwa amemjaza mtu aliyejikwaa njiani, ya pili ina maana vita imeanza.

Hatua ya 5: usipoteze ganzi

Gemu nyingi zina sheria ya kupunguza ganzi zikirudiwa. Mfumo uliozoeleka wa World of Warcraft ni huu, ganzi ya kwanza inakaa muda wake wote, ya pili ya aina hiyohiyo nusu, ya tatu robo, ya nne mtu haisikii kabisa. Sasa angalia hesabu. Cheap Shot, ganzi ya kuanzia ukitoka mafichoni, ni sekunde 4. Kidney Shot, ganzi nyingine, ukiwa na kombo 5 (pointi unazokusanya ukipiga) ni sekunde 6, ila ukiipiga papo hapo baada ya Cheap Shot inakuwa 3, kwa sababu zote mbili ni aina moja. Jumla 7, na umemaliza kila kitu mfukoni.

Mimi nafanya hivi: Cheap Shot, zile sekunde 4 nampiga kawaida nakusanya kombo. Ikiisha simrudishii ganzi, namwachia aanze kukast (kupiga uchawi wake), ile anaanza tu nampiga Kick, akili yake inavurugika na ile shule (aina) yake ya uchawi inafungwa kwa muda. Hapo wengi wanaanza kukimbia. Akifungukiwa tena ndo Kidney, au kama nimeona watu wanakuja kumsaidia nampiga Blind (inamchanganya asifanye kitu) maana hiyo ni aina nyingine, haihesabiwi pamoja na ganzi. Ila Blind inavunjika akipigwa, kwahiyo kama una sumu zinazomla damu taratibu utaivunja mwenyewe, angalia hilo.

Na muambie mwenzako kwenye voisi. Ukipiga ganzi na warrior (mpiganaji) wenu naye akapiga ya kwake juu yake mmeunguza zote mbili. Maneno mafupi tu: "mganga wa bluu, ganzi yangu". Usisimulie hadithi.

Hatua ya 6: toka kabla hujafukuzwa

Njia ya kutokea unaichagua kabla ya kuingia. Ukimaliza mnyororo wako wa ganzi, awe amekufa au la, ondoka. Vanish (skili ya kupotea ghafla) sio ya kutumia ukiwa na damu asilimia 5, hapo una sumu na vidonda mwili mzima na kwenye matoleo ya zamani hivyo vinakufichua tena palepale. Tumia ukiwa na damu nusu. Kama una Cloak of Shadows itangulize, inafuta uchawi uliokung'ang'ania, alafu Vanish. Vidonda vya kutoka damu haivifuti, kwahiyo ukiwa umechanwa na warrior ni bora ukimbie kwa miguu, ukate kona.

Ukishapotea, rudi hatua ya 3. Wakati huo maadui wanajua upo na hawajui wapi, utaona watu wawili watatu wamerudi nyuma kumlinda mganga, wanazunguka wanapiga hewa. Hao watatu hawapigani na kundi lako. Ndo maana nimesema kutulia ni kazi.

Hatua ya 7: vituo

Kwenye mechi za kushika vituo kama Arathi Basin, 15 kwa 15, vituo 5, mviziaji ni dhahabu. Mlinzi yuko peke yake, hajaingia vitani, unampiga Sap (inamgandisha asiye vitani), unachukua bendera. Pigo lolote linakatisha kuchukua, hivyo hesabu kama Sap yako inakaa muda mrefu kuliko kuchukua bendera. Isipotosha, mpige Sap, anza, akiamka mpige Blind, anza upya. Na ukilinda wewe, usikae juu ya bendera, kaa mbali kidogo umejificha, atakuja anadhani hakuna mtu.

MASWALI YA WADAU

Swali: Mkuu somo zuri, ila kiongozi wa reidi (kundi letu kubwa la vita) anaangalia chati ya uharibifu, mimi kila siku niko mkiani anataka kunitoa. Nifanyeje?

Jibu: Chati haihesabu mganga aliyekaa sekunde 10 bila kuponya. Rekodi video ya mechi mbili tatu, umwonyeshe pale unapotoka na damu za maadui zinavyoshuka. Akikataa hata baada ya hapo tafuta kundi lingine kaka, huyo anataka mage.

Swali: Pingi yangu (ucheleweshaji wa mtandao) inacheza milisekunde 250. Kick zote zinachelewa, mganga anamaliza kuponya nabaki nabofya.

Jibu: Pole, najua hayo maumivu. Ukijumlisha pingi na muda wa jicho lako kuona na kidole kubofya umeshapoteza kama nusu sekunde. Kwahiyo usisubiri kuona ndo ubofye kwenye uponyaji wa haraka, huo waachie wenzako. Lenga ule mrefu wa sekunde 2 na kuendelea. Zaidi tegemea ganzi, maana ganzi unaipanga wewe, haisubiri yeye afanye kitu.

Swali: Sap kabla ya vita kuanza vipi? Mi huwa napiga mganga mapema.

Jibu: Inategemea. Faida yake anaganda wakati kundi lako linaingia. Hasara, wote wanajua kuna mviziaji, na pigo moja la eneo likimgusa inavunjika. Mi napiga Sap kama kundi langu liko sekunde 2 au 3 tu kufika. Zaidi ya hapo nakaa kimya. Na kumbuka akishaingia vitani Sap haishiki.

Swali: Tuko wawili tunaojificha kwenye kundi moja. Tuende pamoja au tugawane?

Jibu: Mlengeni mtu mmoja, kwa zamu. Wa kwanza anamaliza ganzi zake zote, mganga anatumia medali, anapumua anajua yameisha, wa pili ndo anatoka. Ila ganzi za aina moja zinahesabiwa kwa pamoja hata kama wapigaji ni wawili, kwahiyo huyo wa pili aanze na kitu cha aina nyingine au asubiri kama sekunde 20 hesabu ianze upya. Mkitoka wote kwa mpigo ni raha kuangalia ila mnapoteza nusu ya nguvu.

Swali: Samahani mtaalamu, mimi ndo huyo mganga mnayemvizia. Nawachukia. Nijikinge vipi?

Jibu: Hahaha dada tusameheane. Acha kusimama peke yako nyuma. Simama kando ya tanki au mtu mwenye mapigo ya eneo, kila baada ya sekunde chache geuza kamera utazame mgongo wako. Na ganzi ya kwanza usitumie medali kama damu yako iko juu, vumilia zile sekunde 4, maana sisi tunaisubiri hiyo medali kwa hamu. Itunze ya pili. Sikutakiwa kukwambia hilo.

Swali: Nightblade je, Cyrodiil (uwanja wa vita wa Elder Scrolls Online)? Wananiona kila mara.

Jibu: Kule watu wanakunywa dawa za kugundua waliojificha, ukiona wanakuja moja kwa moja upande wako jua wamekunywa, rudi nyuma ngoja iishe alafu urudi. Na angalia stamina, kunyata kule kunaila, watu wananyata safari nzima kutoka kwenye ngome wanafika kwa adui hawana hata ya kukwepa. Nyata kipande cha mwisho tu.